Roketi inayojizungusha: kwa nini mahali pa visukumio panahesabika kuliko nguvu yao

Tarehe 5 Juni 1978, mbele ya macho ya Rais Mobutu, roketi ilinyanyuka kwenye uwanda wa Kapani-Tono, juu ya bonde la mto Luvua, kaskazini mwa jimbo lililoitwa wakati ule Shaba. Haikufika mbali. Ilipinda, ikaanguka. Roketi mbili za kwanza, ya 17 Mei 1977 na ya 20 Mei 1978, zilikuwa zimepanda vizuri.

Leo vijana wanaocheza Kerbal Space Program, mchezo wa ordinateri uliotoka mwaka wa 2011 kwenye kampuni Squad ya Mexico, wanapambana na swali lile lile la mafundi wa Luvua: namna gani kuongoza kitu kisichokuwa na barabara wala usukani?

Mabomba manne, mota ya kioo cha gari

Kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya fundi Lutz Kayser, ilitaka roketi ya bei ndogo. Ilifunga pamoja mabomba membamba yenye upana wa sentimeta 27, kila moja na injini yake chini. Ndani kulikuwa petroli ya taa, asidi ya nitriki na hewa iliyobanwa ya kuvisukuma. Valvu zilifunguliwa na mota ndogo za aina ile inayofuta kioo cha gari. Roketi za majaribio zilikuwa na mabomba manne.

Injini hazikugeuka. Ili kuinamisha roketi, valvu ya upande mmoja ilipunguzwa: upande wa pili ukasukuma zaidi, pua ikalala. Ni mpango mzuri, lakini una pengo moja.

Mwendo wa tatu

Roketi inageuka kwa namna tatu: pua kwenda juu na chini, pua kwenda kushoto na kulia, tena mwili mzima kujizungusha kama chupa inayobingirika. Injini zinazotazama chini moja kwa moja zinaweza kuleta miendo miwili ya kwanza. Wa tatu hapana, hata zipunguzwe ao ziongezwe namna gani, kwa sababu hakuna nguvu inayopita pembeni kuzunguka mwili.

Na kujizungusha si jambo dogo. Kama mwili unazunguka, bomba lililotazama Manono sasa linatazama Pweto. Amri iliyotolewa kwa bomba lile inainamisha roketi upande usiofaa.

Ufunguo wa msalaba

Kila fundi wa gari anajua dawa. Kwenye ufunguo wa msalaba wa kufungulia buloni za gurudumu, mkono mmoja unasukuma chini, wa pili unavuta juu. Buloni inazunguka bila gari kusogea. Mikono ikishikwa karibu na katikati, kazi inakuwa ngumu. Ikishikwa kwenye ncha, inakuwa rahisi.

Visukumio, yaani vile vitundu vidogo vinavyotoa gesi pembeni, vinafanya kazi hiyo hiyo. Viwili vinawekwa pande mbili za mwili, vikitazama pande zinazopingana. Tuseme kila kimoja kina nguvu ya kilonyutoni 1, na mwili una upana wa mita 1.25: nguvu ya kuzungusha ni kilonyutoni-mita 1.25. Vikipelekwa nje hadi mita 2.5 kati yao, inakuwa 2.5, bila kuongeza tone la mafuta. Njo maana umbali kutoka mhimili wa katikati unahesabika sana.

Kisukumio kimoja peke yake kinazungusha pia, lakini kinasukuma roketi nzima pembeni, na kama kiko mbali na kitovu cha uzito, kinainamisha pua.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

Wachezaji wengi wanaweka injini moja kubwa katikati, yenye mdomo unaogeuka, wakifikiri inatosha. Inainamisha pua, lakini haizuii kujizungusha. Zinahitajika injini mbili ao zaidi mbali na katikati, ao visukumio, ao magurudumu ya ndani yanayotumia umeme.

Kosa la pili ni klavie. Mchezo unatumia Q na E kwa kujizungusha. Kwenye klavie ya AZERTY, iliyozoeleka Lubumbashi, Q na A zimebadilishana nafasi na zile za Kiingereza, W na Z vilevile. Afadhali kupanga funguo upya mbele ya kuruka.

Angani hakuna breki

Hewa haipo ya kupunguza mzunguko. Tarehe 16 Machi 1966, kisukumio kimoja cha chombo cha Marekani Gemini 8 kilikwama wazi. Neil Armstrong na David Scott walizungushwa karibu mara moja kila sekunde, hatari ya kupoteza fahamu. Armstrong alizima mfumo ule, akatumia visukumio vingine, vya kurudi duniani, kuzungusha upande wa pili hadi chombo kikatulia. Safari ikakatishwa, wote wawili wakapona.

OTRAG iliondoka Zaire mwaka wa 1979, kisha Unioni ya Kisovieti na inchi jirani kulalamika kama roketi zile zingeweza kuwa silaha. Kazi ikahamia Libya.

Anayejenga roketi kwenye ordinateri ana bahati ya kujaribu bila hasara. Mbele ya kupanda, aipeleke angani bila mzigo, aizungushe, aachie funguo, aangalie: je, inasimama? Na inapozunguka, pua inabaki mahali pake? Kama pua inachora duara, visukumio haviko sawasawa.