Unaenda Luthuli Kununua Wufa? Soma Hii Kabla Hujaingizwa Boksi

Kama umesevu doo na unataka keja yako iwe na saundi ya maana, uwezekano ni mkubwa utajipata Luthuli Avenue, tao Nairobi. Maduka ya elektroniki yamepangana bega kwa bega, kila moja inapiga ngoma yake, na mlangoni kuna msee anakuita: "Karibu bosi, ingia uangalie, kuangalia ni bure." Ni kweli, kuangalia ni bure. Kununua bila kujua ndio itakugharimu.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilitoa ngiri 8 na soo 5, doo ya vibarua vya miezi mitatu, nikabeba wufa iliyoandikwa wati 10,000 kwa boksi. Wiki ya tatu ikaanza kukwaruza, ya nne ikanyamaza. Kurudi dukani naulizwa risiti iko wapi. Nilikuwa na kikaratasi cha kuandikwa na biro, hakina hata muhuri. Stori ikaishia hapo. Ndio wewe usipitie hiyo, cheki haya mambo.

1. Wati kubwa kwa boksi ni za kukupumbaza

Ukiona PMPO, hiyo namba isahau. Ni namba ya matangazo, na kila kampuni inaihesabu vile inataka. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kutoa mfululizo bila kuumia.

Kama hawana RMS, geuza wufa usome maandishi ya nyuma, pale kwa waya wa stima. Utapata kitu kama 220-240V, 50Hz, 60W. Hiyo 60W ndio stima inavuta. Mtambo unaovuta wati 60 kwa ukuta hauwezi kutoa wati 10,000 za saundi, hata ukiombewa. Kwa bedsitter, wati 40 mpaka 60 za RMS zinatosha kabisa.

Na usidhani wati mara mbili ni kelele mara mbili. Ukitoka wati 50 uende 100, unaongeza desibeli 3 tu. Sikio litasikia tofauti kidogo, lakini mfuko utasikia yote.

2. 2.1 ama 5.1?

Namba ya kwanza ni spika za kawaida, ile .1 ni ya besi. Kwa hivyo 2.1 ni spika mbili na wufa moja. Ngoma nyingi unazosikiza zimerekodiwa stereo, yaani pande mbili, kushoto na kulia. Kama wewe ni wa muziki, 2.1 fiti inashinda 5.1 ya bei rahisi. 5.1 ina maana ukiwatch muvi zenye saundi ya aina hiyo, na keja iwe na nafasi ya kuweka spika nyuma yako. Kwa keja ambayo kitanda na meko ziko room moja, hizo za nyuma utaziweka wapi?

3. Ukienda za mtumba

Kuna spika za Ex-UK ambazo zinaweza kukupea saundi safi kwa doo kidogo. Lakini nyingi hazina amplifaya ndani, so itabidi ununue yako. Hakikisha omu zinaingiana. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 ukiifunga na spika za omu 4 itachemka, na inaweza kuungua.

Cheki pia ule mpira unaozunguka koni, kama umekatika ama unabomoka, wachana nayo. Halafu sukuma koni polepole na vidole, pande zote sawa. Ukisikia ikikwaruza, koili ya ndani imeenda.

Mtambo wa Uingereza unatumia stima karibu sawa na yetu ya 240V. Wa Marekani ni 120V, wa Japani 100V. Ukichomeka hizo kwa soketi yako bila transfoma, utanusa moshi kabla usikie muziki.

4. Itesti, na si kwa ngoma yao

Duka litakuwekea ngoma yenye besi nzito ndio ushtuke. Wewe enda na simu yako na ngoma tatu unazojua kichwani. Weka sauti ya chini kwanza: msanii anasikika vizuri ama besi imemmeza? Pandisha polepole. Ikianza kupasuka ukifika nusu, hiyo si yako. Halafu simamisha ngoma huku volume iko juu. Ukisikia mngurumo mkubwa, kuna shida ndani.

Muhimu zaidi: ile umetesti ndio ubebe. Usikubali uletewe boksi ingine kutoka stoo imefungwa na selotepu. Wakisema lazima iwe mpya, ifunguliwe na itestiwe mbele yako, na namba ya nyuma ifanane na ya boksi.

5. Risiti ndio ngao yako

Lipa kwa till ya duka, usitume kwa namba ya msee wa mlangoni. Itisha risiti ya ETR. Kadi ya waranti ipigwe muhuri, iandikwe tarehe na namba ya mtambo. Uliza mapema: ikiharibika naileta hapa ama kwa fundi wa kampuni?

Ukiambiwa "goods once sold", usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na kuna sheria ya kulinda wateja ya 2012. Duka likikataa kabisa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini bila risiti, utaonyesha nini?

6. Kumbuka jirani

Ukifika keja, jua wufa ikiwa kwa kona besi inaongezeka. Isogeze mbali kidogo na ukuta kama inavuma sana, na uinue spika ndogo zifike usawa wa masikio. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kikomo cha mitaa ya kuishi ni desibeli 35, ambayo ni kama mnong'ono. Caretaker hana kipimo, lakini ana funguo za main switch.

Usiende Luthuli ukiwa na haraka. Zunguka maduka kama matatu, uliza bei, testi, toka. Doo ikiwa bado kwa mfuko, wewe ndio bosi kweli.