Muulize Soroveya: Umeanzia Alama Gani?

Huku kwetu Bofu, na Likoni kwa jumla, ukitaka kuwanyima watu wazima usingizi, taja bikoni za ploti. Januari 2016 serikali ilipotoa hatimiliki kwa maelfu waliokuwa wakiishi shamba la Waitiki, kila mtu alitaka kujua mpaka wake uko wapi hasa. Leo basi historia fupi ya jinsi setilaiti zilivyofika kwenye kazi hiyo.

Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978. Setilaiti hizi ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja hutangaza saa yake. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, kisha hukokotoa umbali. Sisi tunaoandika programu tunaiona hesabu ni nyepesi, lakini haina huruma: nanosekunde 1 ni sentimita 30. Tena mawimbi hucheleweshwa njiani na ionosfea, ambayo karibu na ikweta ina vurugu zaidi.

Juu ya hayo, Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya raia kwa sababu za kijeshi. Mpaka Rais Clinton alipokomesha jambo hilo Mei 2000, kosa liliweza kufika mita 100. Ploti ya hamsini kwa mia ina urefu wa mita 30 tu. Hebu piga hesabu: umeruka ploti tatu!

Wapimaji hawakumngoja Clinton. Walitumia ujanja ambao kila mwenye duka anaujua. Ukiitilia shaka mizani, weka juu yake jiwe la kilo 1. Ikisoma kilo moja na robo, umejua robo ni uongo, nawe utaitoa kwenye kila utakachopima.

Basi kipokezi kimoja huwekwa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana tayari. Tofauti kati ya setilaiti zinavyosema na ukweli ndiyo kosa. Kipokezi cha pili, kinachozunguka kwenye ploti, huliondoa kosa hilo hilo, kwa sababu mawimbi yamepita anga ile ile. Vikiachana mno, anga si moja tena na dawa hupungua nguvu. Kwa njia hii unafika mita 1 au chini yake. Ukipima wimbi lenyewe, lenye urefu wa sentimita 19, unapata sentimita chache.

Kichekesho ni kwamba miaka ya 1990 Walinzi wa Pwani wa Marekani walijenga vituo vya kutangazia masahihisho kama hayo. Mkono mmoja wa serikali unavuruga, mwingine unarekebisha! Pwani yetu nayo haikuachwa: Malindi, Waitaliano walikorushia setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, pana kipokezi cha kudumu cha GPS kilicho katika mtandao wa dunia.

Sasa sikilizeni vizuri. Ramani nyingi za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Namba zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake, mahali husogea takriban mita 300. Na alama ya kuanzia ikiwa na kosa, kila bikoni italirithi kwa usahihi wa sentimita. Jiwe bovu, mizani yote bovu.

Kwa hiyo soroveya akija na mashine yake ya bei kubwa, usimuulize inashika setilaiti ngapi. Muulize ameanzia alama gani, na kwa mfumo gani.