Nguvu Isiyoandikika Daftarini

Mwaka 1912 ofisa wa kikoloni, Arthur Champion, alitumwa kukaa Ugiriama, katika pwani ya Kenya. Kazi yake ilianza na kuhesabu: nyumba ngapi, ili kila moja itozwe kodi, vijana wangapi, ili wapelekwe kwenye mashamba ya Wazungu. Wagiriama walilima mahindi yao na kuuza ziada pwani, nao hawakuona sababu ya kuacha konde zao wakalime za wengine.

Wakati Champion akihesabu, mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alikuwa akienda kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu, na watu wakimfuata. Mwaka 1913 walikusanyika Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu. Wanawake waliapishwa kiapo cha mukushekushe, wanaume wakaapishwa kiapo cha fisi, kilichoogopwa kuliko vyote. Atakayemtumikia Mzungu, kiapo kitamla. Wazee wa vijiji waliotegemewa na serikali wakaacha kutii. Serikali yenye askari na bunduki ikawa haina wa kumtuma.

Ujasiri wa Mekatilili umesimuliwa sana, na anastahili. Kwangu mimi, jambo la kutazamwa kwa makini ni namna serikali ilivyoikabili nguvu ile. Oktoba 1913 ilimkamata yeye pamoja na mshirika wake Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka mbali, Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu hadi kwao. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu halipui msitu kwa baruti ikiwa anaamini kilichomo ndani ni upuuzi. Vita vikafuata: nyumba zikachomwa, Wagiriama wapatao 150 wakauawa, na waliobaki wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, na hakuachwa arudi hadi 1919.

Baada ya baruti ikaja karatasi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asiyekuwa nacho alikuwa mhalifu. Mwaka 1925 ikaja Sheria ya Uchawi, iliyomtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa nia ya kutisha au kudhuru watu. Aliyeaguliwa na aliyeagua, anayeponya na anayesingiziwa kuua, wote walijikuta chini ya kivuli cha sheria moja.

Uhuru haukuifuta. Mwaka 1966 mganga aliyejulikana kama Kajiwe alizunguka miji ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, akifichua waliodaiwa kuwa wachawi, na sheria ile ilikuwa bado vitabuni. Baadaye waganga wa tiba asili wakaanza kupewa vyeti na ofisi za utamaduni. Serikali hiyo hiyo inampa mganga cheti kwa mkono mmoja na kwa mwingine inashika kifungu cha kumshtaki.

Wazo la kumwandikisha mwenye nguvu si la Kenya pekee. Wasomaji wa katuni watakumbuka Civil War ya Marvel, iliyoanza kutoka mwaka 2006, ambamo serikali ya Marekani inawalazimisha wenye nguvu za ajabu kujiandikisha, na mashujaa wanapigana wao kwa wao. Hoja ya wanaounga mkono ni nzito: mwenye nguvu ya kuua hawezi kuachwa bila kujulikana. Lakini Ugiriama waliona daftari linalomwandika mtu ili atumike, kamwe si ili alindwe. Ndiyo maana naliona si la haki, hata lingetungwa na watu wema kiasi gani.

Leo, huko Kaya Godoma, Ganze, wanaishi wazee waliokimbia nyumba zao baada ya kuitwa wachawi, mara nyingi na jamaa wanaowania shamba. Hawakuandikwa na ofisi yoyote. Walitajwa kijijini kwa sababu ya mvi zao. Sheria ya 1925 ina kifungu ambacho hakisikiki sana: kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa tuhuma ipelekwe kwa chifu, polisi au ofisa wa serikali. Kabla ya kumtaka mganga yeyote aandikishwe, serikali ianze kukitumia kifungu hicho kuwashtaki wanaowataja wazee hawa.