Hela ya Mtandao Singida: Nadharia Ilisema Hivi, Mtaani Ikawa Vile

Nadharia ya biashara ya mtandaoni ni nyepesi: toa huduma bure, kusanya watu, matangazo yatakulipa. Google ilipoanzisha AdSense mwaka 2003, hata mwenye blogu ndogo akaona mlango umefunguka. Mtaani Singida mambo yakaenda kivingine.

Walioanza kuishika hela ni wenye intaneti kafe. Kompyuta chache, umeme wa kukatika, mteja analipia muda. Matokeo ya NECTA yakitoka, foleni mpaka nje. Mwaka 2010 TCU ikaanza kupokea maombi ya vyuo vikuu kwa mtandao, na kijana wa kijijini Iramba ikabidi apande gari aje mjini. Wengi hata barua pepe hawakuwa nayo. Mwenye kafe akawafungulia, akawajazia fomu, akawaprintia. Hakusomea biashara, ila alishtukia jambo: mteja halipii intaneti, analipia mtu wa kumsaidia asikosee.

Kisha simu janja zikaja, kafe zikaanza kufungwa moja moja. Ikawa zamu ya mabloga, na hapa ndipo nadharia ilipoumbuka. AdSense haikutumii hela mpaka ufikishe dola 100, na kwa blogu ndogo ya Kiswahili hiyo ni safari ndefu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya dola 450, yaani karibu malipo matano ya AdSense yanaondoka kabla hujaposti kitu. Nchi nzima mabloga kibao wakazima. Wasomaji walikuwepo, hela ndiyo haikuwepo.

Leo muuza kuku wa kienyeji au mafuta ya alizeti anatupia picha kwenye status ya WhatsApp, analipwa kwa simu, mzigo unapanda basi la Dar. Hasubiri matangazo ya mtu, anajitangaza mwenyewe.

Na wale wa kafe? Waliobaki wamebadilisha bango, sasa ni steshenari. Msimu wa mikopo ya HESLB ukifika, foleni ni ileile, na fomu bado zinajazwa kwa hela.

Haya mdau, mara ya mwisho kutoa hela mfukoni kwa huduma ya mtandaoni, ulilipia tovuti au ulilipia mtu?