Ndege ya bei nafuu, basi, treni, kisha meli: kwa nini wengine huachwa bandarini

Meli nyingi za kitalii zinazozunguka Bahari ya Mediterania huanzia Civitavecchia, nchini Italia. Kwenye matangazo ya safari bandari hiyo huandikwa "Roma", lakini iko kilomita 80 hivi kutoka jijini. Hapo ndipo hesabu ya wengi huharibika, hasa wanaojipangia safari wenyewe kwa ndege za bei nafuu. Kama una ndugu Ulaya anayepanga safari ya namna hii, au anayetaka kukualika, haya ni ya kujua kabla ya kulipa.

Chukua mtu anayetoka London. Ryanair huruka kutoka uwanja wa Stansted hadi Ciampino, na viwanja vyote viwili viko nje ya jiji. Tiketi ya chini kabisa huruhusu begi dogo tu la kuweka chini ya kiti. Sanduku la nguo za wiki nzima hulipiwa peke yake, na si ajabu likazidi nauli.

Ndege ikiondoka saa 12:30 asubuhi, hutua Ciampino kama saa 4 kwa saa za Italia, ambayo iko saa moja mbele ya Uingereza. Kuna foleni ya pasipoti, kisha basi hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, kisha treni ya kawaida ya zaidi ya saa moja. Tiketi ya treni ya karatasi lazima ipigwe muhuri kwenye mashine ndogo stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Ukishuka Civitavecchia, panda basi hadi Largo della Pace, ambako mabasi ya bure ya bandari huwapeleka wasafiri melini.

Mambo yakienda sawa, unafika kama saa 8 mchana. Meli inayong'oa nanga saa 11 jioni kwa kawaida hufunga uandikishaji saa moja au moja na nusu kabla. Kwa hiyo akiba yako yote ni kama saa mbili. Ndege ikichelewa saa tatu, meli imekwenda. Haikusubiri, kwa sababu nayo ina zamu yake katika bandari inayofuata.

Nani analipa? Ndege ikichelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, sheria ya Uingereza inampa abiria wa safari fupi kama hii pauni 220. Basi. Shirika la ndege halilipii meli iliyokukosa, na kampuni ya meli haina habari na ndege yako, kwa kuwa ulinunua tiketi mbili zisizojuana. Kuifuata meli bandari inayofuata ni kwa gharama yako. Ukinunua ndege na meli pamoja kama kifurushi kwa kampuni moja, hali ni tofauti: aliyekuuzia ndiye anayewajibika kukufikisha. Bei yake huwa juu, na hicho ndicho unacholipia.

Migomo ya treni nayo si jambo geni Italia. Siku za kazi, hata mgomo ukiwapo, treni za lazima huendelea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mtu wa meli ya saa 11 jioni yuko katikati kabisa, pasipo na treni ya uhakika.

Ndiyo maana wazoefu hufika siku moja kabla na kulala Civitavecchia kwenyewe, si Roma. Chumba cha usiku mmoja ni nafuu kuliko meli iliyoondoka.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya kuna mtego mwingine. Italia hutaka viza ya Schengen. Meli ikipitia Uturuki au Tunisia kisha ikarudi Civitavecchia, umetoka Schengen na unaingia upya, kwa hiyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ryanair nayo hutaka abiria wasio raia wa Ulaya wakaguliwe hati zao kwenye kaunta kabla ya kupita ukaguzi wa usalama. Kuwa na tiketi kwenye simu hakukuondolei foleni hiyo, na alfajiri huwa ndefu.