Mwali Atokapo Ndani

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusikia watu wakisema eti mwanamke wa zamani alikuwa wa jikoni tu, mambo ya baraza hayakumhusu. Mimi ni mtu wa Kisarawe, na Kibaha nina ndugu tele. Maneno hayo nimeyachoka. Hebu tuyapime kwa historia.

Kwa Wazaramo ukoo ulifuata upande wa mama. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani kwa miezi, akafundwa mambo ya unyumba na adabu. Humo alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze na kukipaka mafuta kama mtoto. Lakini umbo hilo hilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa na nguzo za makaburi! Alama ya mwali wa ndani ndiyo iliyosimama hadharani. Naye mwali alitolewa kwa ngoma, watu wote wakimtazama.

Ngoma ilifundisha pia kuongoza watu. Hapo jirani, Dar es Salaam, wanawake walikuwa na vikundi vya ngoma vyenye viongozi wao wenyewe. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Mwaka 1955 alipokabidhiwa wanawake wa TANU, aliwafuata viongozi wa vikundi hivyo. Kwa miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 walijiunga. Jamani, hao walitoka jikoni!

Hata Roma ya kale, mwanamke hakupiga kura wala kushika cheo. Alisifiwa kwa kusokota sufu nyumbani. Hata hivyo, mwaka 42 K.K. Hortensia alisimama mbele ya watawala kupinga kodi ya vita waliyotozwa wanawake matajiri. Wengi wakaondolewa kwenye orodha. Tofauti ni kwamba Hortensia aliandikwa, tukamjua.

Na bibi zetu je? Bibi Titi ana barabara kubwa yenye jina lake jijini. Wenzake walioimba na kuuza kadi, wengi wao hatuwajui. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 leo kapita 90. Basi vijana wenzangu, chukueni daftari mkawaulize: mlicheza ngoma gani, nani aliwaongoza, michango alishika nani? Tusingoje msiba ndipo tuulize.