Kibanda Juu ya Maji ya Watu

Ziwa Mille Lacs liko katikati ya jimbo la Minnesota, Marekani, na lina ukubwa wa kilomita mraba 530 hivi. Jina ni la Kifaransa, maana yake "maziwa elfu", ingawa ziwa lenyewe ni moja tu. Waojibwe, wenyeji wake, huliita Misi-zaaga'igan, ziwa kubwa, na mimi naona wao ndio walioangalia vizuri.

Kila Januari mji huzuka juu ya ziwa hili. Maelfu ya vibanda hupangwa juu ya barafu, na kati yake kuna barabara zenye alama, madaraja mafupi ya kuvukia nyufa na malori ya kusukuma theluji kando. Machi sheria ya jimbo hutaka vibanda vyote viwe vimeondolewa, na ikifika Juni watu wanaendesha mashua mahali palipokuwa na barabara.

Vingi vya vibanda hivi hukodishwa kwa usiku. Wakenya tuko wengi Minnesota, hasa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, na baridi kwetu ni kitu cha kulalamikia, si cha kulipia. Nilipompigia mama simu nikamwambia nimelipa nikalale juu ya ziwa, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, kwani nyumba imekuwaje?"

Nyumba haikuwa na neno. Kibanda nilichopata kilikuwa cha plaiwudi, na ndani mlikuwa na jiko la gesi na vitanda vya dabodeka kama vya bweni. Sakafuni mlikuwa na matundu manne, kila moja upana wa sahani, yaliyotobolewa kwa keekee ya injini. Ukutani juu ya kila tundu palikuwa na kigurudumu cha mshipi chenye njuga. Unatega chambo, unalala. Samaki akivuta, njuga zinalia, nawe unaruka kitandani bila viatu. Na barafu yenyewe hainyamazi. Baridi ikizidi, inapasuka kwa mlio mzito kama lori limegonga ukuta mbali. Mara ya kwanza nilidhani tumekwisha. Kumbe huo ni mlio wa kawaida wa barafu inayojinyoosha.

Lakini hebu fikiria unachokodi hasa. Ziwa ni la umma, na maji hayana hati ya kumiliki. Mwenye vibanda anakuuzia njia: ana kiwanja ufukweni, anafungua barabara, anaweka daraja, anakutobolea matundu. Hoteli ndogo za ufukweni zilizokuwa zikifungwa majira ya joto yakiisha ziligundua katika karne ya 20 kwamba ziwa lililoganda nalo linaingiza pesa. Magari yalipoanza kuendeshwa juu ya barafu, biashara ikakua.

Kibanda chenyewe kina asili ya zamani zaidi. Waojibwe walikuwa wakitoboa barafu, kisha mvuvi analala kifudifudi na kujifunika blanketi au ngozi kichwani, mwanga usiingie. Ukiwa gizani, maji ya chini huonekana angavu. Anachezesha samaki wa kuchonga wa mbao kwa uzi, na samaki mkubwa akija kumtazama, anachomwa mkuki. Mpaka leo sheria za Minnesota zinatambua "nyumba ya giza" ya kuvulia kwa mkuki, tofauti na kibanda cha ndoana. Zamani hizo lakini hakuna aliyekuwa akilipia usiku. Samaki walikuwa chakula cha miezi ambayo hakuna kingine.

Mwaka 1837 serikali ya Marekani ilitaka misonobari ya nchi hiyo. Katika mkataba uliotiwa saini Fort Snelling, Waojibwe waliachia eneo kubwa mno, na miongoni mwa malipo ilikuwa dola 9,500 taslimu kwa mwaka, kwa miaka 20. Wakabakisha kifungu kimoja: haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga mwitu katika ardhi hiyo hiyo. Mwaka 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri ya kuifuta haki hiyo, kisha jimbo likaanza kuwashika wavuvi wa Kiojibwe kama majangili. Hapo ndipo penye uchungu. Mtu anakamatwa kwa kuvua samaki ambao babu yake alikataa kuwauza!

Mwaka 1990 jamii ya Mille Lacs ilienda mahakamani. Wenye mahoteli na wavuvi wa starehe walipinga vikali, na Bud Grant, kocha mstaafu wa timu ya Minnesota Vikings, akawa sauti yao kubwa. Hofu yao naielewa: walleye, samaki ambaye Waojibwe humwita ogaa, ndiye aliyejaza vibanda. Samaki wakiisha, nani atakodi? Ila hesabu yao ilianza pale biashara ilipoanza, siyo 1837. Machi 1999 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba haki ile haikufutwa kamwe. Hukumu iliandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor.

Mwaka huo huo, kaskazini zaidi, uvuvi wa walleye katika Red Lake ulifungwa. Huko samaki walikuwa wamevuliwa kupita kiasi na pande zote. Jamii ya Red Lake ilikuwa imeshasimamisha uvuvi wake wa biashara, kisha pamoja na jimbo wakamwaga vifaranga vya samaki ziwani. Uvuvi ulifunguliwa tena 2006, na vibanda vya kukodi vikarudi kwa wingi.

Sasa samaki wapo, barafu ndiyo inayosuasua. Tarehe 29 Desemba 2023 kipande cha barafu kilimeguka Upper Red Lake kikiwa na watu zaidi ya 100, wakaokolewa. Baridi ya msimu ule ndiyo iliyokuwa hafifu kuliko zote katika kumbukumbu za jimbo, na maziwa mengi hayakubeba gari. Kutembea kunahitaji barafu ya sentimita 10, na lori linataka zaidi ya 30. Kwa hiyo wenye vibanda wanaamka alfajiri, wanatoboa, wanapima kwa rula, ndipo wanapokea simu za wateja.